Sukari Haikuzikwa Migombani

Naikumbuka asubuhi ile dada yangu Moraa alipokataliwa majani yake ya chai kwenye kituo cha kuuzia Gesima, na kila nikiikumbuka nachemka. Na wewe, Kwamboka mwanangu, ndiye unayenichemsha tena leo. Mama yako ameniambia umekataa kurudi kliniki, eti sukari uliyokuwa nayo wakati wa mimba iliisha ulipojifungua. Iliisha! Kaa hapo unisikilize.

Moraa ndiye bibi yako, mama wa baba yako. Miaka ya sitini, akiwa na mimba ya huyo baba yako, nesi alipima mkojo wake akakuta sukari. Akamwambia, "Ukishazaa urudi tukupime, na kila mwaka urudi. Hiyo sukari hupotea, lakini inaweza kukurudia." Moraa akaitikia vizuri kabisa.

Kisha akazalia nyumbani. Mtoto alikuwa mkubwa ajabu, majirani wakaja kumshangaa, na kumpongeza mama wakamletea nini? Sukari ya chai! Mama mkwe wake akazika kondo la nyuma migombani, akakanyaga udongo, akatangaza, "Ugonjwa umetoka na hili. Tumeuzika. Huko hospitali ataenda kutafuta nini?" Mgomba ule ukazaa mkungu mnene, wakaona wamepata ushahidi. Mkungu wa ndizi ndio uliokuwa daktari wetu, mwanangu.

Miaka ikaenda. Moraa akawa anakunywa maji bila kutosheka, tukasema ni jua. Akakonda, tukasema ni kazi. Ndipo asubuhi ile, tuko miaka ya sabini sasa, karani wa kituo akamwaga kikapu chake mbele ya watu. Badala ya majani mawili na chipukizi yanayotakiwa, kilijaa majani magumu yaliyokomaa.

"Mama, hii ni chai ama ni kuni?"

Watu wakacheka. Mumewe akamfokea njia nzima kwamba amekuwa mvivu. Tulipofika jikoni Moraa akaniambia polepole, "Si uvivu. Sioni. Nachuma kwa kugusa."

Daktari wa Kisii alimkuta na sukari nyingi, na macho yalikuwa yameshaharibika. Akauliza kwa nini hakurudi kupimwa. Nani angemwambia habari za mgomba? Moraa aliishi, dawa alimeza, lakini baba yako alipooa, ni mimi niliyeketi kando ya Moraa kanisani nikimweleza gauni la mama yako lilivyo.

Basi sikia. Si kila mwanamke aliyepata sukari ya mimba atarudiwa nayo. Lakini wewe umeipata, na bibi yako aliipata, kwa hiyo hatari yako ni kubwa zaidi, na kujisikia mzima si kipimo. Hata Moraa mwanzoni alijisikia mzima. Kapimwe damu wiki hizi, kisha kila mwaka, hata kama hakuna kinachokuuma. Hiyo chai yako ya sukari nyingi ipunguze. Mnyonyeshe mtoto, na sokoni Sironga uwe unakwenda kwa miguu. Ukishika mimba nyingine, mwambie nesi mapema. Kesho nakuja na mwavuli wangu, twende pamoja, na sitaki visingizio.

Mungu akutunzie macho, mwanangu. Siku huyu binti uliyempakata atakapovaa gauni lake, umwone mwenyewe, asiwepo mtu wa kukusimulia.