Saa Mbili za Sura Moja: Safari ya Mlingotini

Nilifunga safari ya Mlingotini kwa sababu niliitwa mwongo, tena mbele ya mtu aliyekaribia kuwa mkwe mwenzangu. Nilikwisha kustaafu ukarani wa mahakama, kazi ambayo sikuwahi kukosolewa neno ndani yake, na nilikusudia kumvisha mchumba wa binti yangu saa yangu ya Uswisi siku ya arusi. Saa hiyo bwana mkubwa wetu, Mwingereza, aliivua mkononi mwake akanipa, alipokuwa akiaga Bagamoyo mwaka wa Uhuru. Nilimweleza hivyo Bwana Athumani, baba wa kijana, tukaenda naye kwa fundi saa wa Kariakoo ili isafishwe.

Fundi aliigeuza, akaichungulia kwa kioo chake cha jichoni.

"Mzee, hii si ya wakati wa Uhuru. Za zamani za aina hii, masikio ya kushikia mkanda yana vitobo vilivyotokea nje, na kifuniko cha nyuma kimebanwa tu, hubanduliwa kwa ncha ya kisu. Hii masikio yake yameziba, na kifuniko ni cha kuzungusha. Kasha la namna hii lilikuja miaka kadhaa baadaye."

 Bwana Athumani alikohoa tu, na kikohozi kile kiliniuma kuliko tusi.

Alhamisi, alfajiri, nilipanda basi la Bagamoyo kumfuata shahidi wangu, Kombo, aliyekuwa mfanyabiashara wa mbata nilipokuwa nikitumikia mahakama ya mji ule. Siku niliyopewa saa alikuwapo. Tena aliipenda mno, hata miaka michache baadaye akajiagizia ya sura ile ile kutoka Aden. Baada ya Bunju barabara ilikuwa mchanga mtupu. Tulishuka mara mbili kusukuma, nami nilisukuma kwa hasira iliyowafaa abiria wote.

Bagamoyo niliambiwa kwamba Kombo amehamia Mlingotini kuangalia minazi yake. Nilikodi baiskeli, nikapitia Kaole.

Mlingotini nilifika kabla ya adhuhuri, nikamkuta nyuma ya nyumba akifua nazi.

"Bwana Karani," alisema bila kusimama, "umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kuchukua ushahidi wako."

"Basi ushahidi nautoa baada ya wali."

Mkewe, Bi Zuhura, alituandalia wali na mchuzi wa papa. Nilipokwisha kueleza, Kombo alipandwa na hamaki kwa niaba yangu.

"Mimi nilikuwapo. Mwingereza aliivua, akakupa, ukasahau hata kushukuru."

"Nilishukuru."

"Hukushukuru, bwana. Na fundi huyo hajui kitu. Tazama."

Alivua saa yake ya Aden, akailaza siniani karibu na yangu. Uso ule ule, mishale ile ile. Nilipitisha ukucha kwenye masikio ya saa yake, nikagusa vitobo. Niliigeuza: kifuniko kilikuwa cha kubanwa, chenye pengo dogo la ncha ya kisu.

"Vitobo hivyo navijua," alisema Bi Zuhura. "Mkanda wake ulipokatika nilipitisha uzi humo." Kisha akaanza kucheka. "Birikani. Nyinyi mlibadilishana birikani."

Zamani zile tulisali msikiti mmoja, na wakati wa kutawadha kila mtu aliweka saa yake juu ya ukingo wa birika la maji ya udhu.

"Wewe ndiwe uliyetangulia kutoka," Kombo alisema. "Siku zote ulikimbilia safu ya mbele. Uliokota ya mtu."

"Nawe ulikuwa ukifika imamu amekwisha kurukuu. Ungepata wapi muda wa kuangalia ulichookota?"

"Na miaka yote hii unanicheka kwamba saa ya Aden si kitu."

"Nawe miaka yote umeisifu yangu."

Bi Zuhura alilazimika kuondoa sinia ili tusiimwage.

Kombo aliichukua ile yenye vitobo, akaikalisha kiganjani muda mrefu. "Hii nimehiji nayo, Bwana Karani," alisema polepole. Sikuthubutu kunyoosha mkono. Mwishowe akanisogezea. "Chukua. Binti haolewi huku baba yake anaitwa mwongo." Nami nikamsogezea ile iliyotoka Aden kweli.

Kariakoo, Jumamosi, fundi aliigeuza saa mara moja tu. "Hii ndiyo ya wakati ule," alisema. Nilimsimulia Bwana Athumani yote, birika na safu ya mbele. Alicheka hata akafuta machozi, akaniomba radhi kwa kikohozi chake, akasema, "Mwite huyo Kombo arusini. Naye ana haki katika saa hiyo."

Kombo alikuja, na ni yeye aliyemvisha bwana arusi. Kisha akawasimulia waalikwa jinsi nilivyomnyakulia saa yake msikitini, wakaangua kicheko. Kwa heshima ya shughuli sikumkatiza.

Nililojifunza ni kwamba kasha la saa hueleza lenyewe lilitengenezwa lini, kwa mtu anayejua pa kutazama. Ukingo wa birika haukuweka alama yoyote ya nani alitangulia kutoka. Kwa hiyo ieleweke kwamba jambo hilo halikuthibitika, na kwamba waalikwa walisikia upande mmoja tu wa shauri.