Baba alipandisha bendera ya chama kipya, kijiji kikatutenga

Wakuu, mwangaluka.

Haya yalitokea nyumbani kwetu, upande wa Zagayu. Sina haja ya kuongeza chumvi, yana chumvi ya kutosha.

Vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimeruhusiwa. Baba, mkulima wa pamba wa kawaida tu, akarudi kutoka Bariadi mjini na bendera ya chama kipya, akaipandisha uani. Redio ilisema ni ruksa. Maskini, aliamini redio.

Kamanda wa sungusungu wa kijiji akaitisha mkutano. Ikaamuliwa baba atengwe: asisalimiwe, asisaidiwe kwa lolote, mpaka ashushe bendera na kulipa ng'ombe.

Kwa msiowajua, sungusungu ndio waliotuokoa na wezi wa mifugo. Waliheshimika kuliko polisi. Hakuna aliyebisha.

Baba akakaza shingo.

Wiki chache baadaye mama akashikwa uchungu, mtoto amekaa vibaya. Zahanati mbali, na mkokoteni wa ng'ombe hatuna. Baba akasimama uani akapiga mwano, lile yowe la hatari. Kwa sisi Wasukuma, mwano ukipigwa unatoka mbio hata kama mmegombana. Asiyetoka hutozwa faini.

Hakutoka mtu. Jirani yetu nilimwona mlangoni kwake, mkokoteni uko pale pale, anatazama chini. Nilimchukia sana, na mpaka leo sijamaliza.

Tukambeba mama kwa kitanda, baba mbele, mimi na dada nyuma. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Tulipomaliza kuzika, baba akashusha bendera na kutoa ng'ombe. Wakamla. Na wale viongozi wa chama kipya wa mjini? Hata pole hawakuleta.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita, dada akaolewa mbali. Kamanda akaangushwa kura za maoni kwenye chama chake, kile tawala, akahamia kile kile cha baba. Siku moja akaja kwetu kuomba udiwani.

"Mwadila, mayu," akamsalimu mama. "Hapa mna kura ngapi?"

Mama hakuacha kupeta mchele. "Tatu. Zingekuwa nne."

Akaondoka bila kuaga.

Nilichojifunza: chama kinaweza kusajiliwa mjini kwa siku moja, ila kijijini anayeamua nani asikilizwe anabaki yule yule, anabadilisha kofia tu.

Kama kwenu mambo yalikwenda vingine, shusheni hapa. Na wale wa "sungusungu walikuwa wazuri", karibuni pia. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa kitanda.