Gari ya mazutu iliyokataa kuwaka Mutwanga baada ya kubadilisha filta

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo, mji wa baridi na vumbi.

Nimesoma nyuzi nyingi za magari humu, na sijawahi kuandika hata moja. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sitaongeza kitu, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kuandika kwangu ni polepole. Mnivumilie.

Dizeli sisi huku tunaiita mazutu. Nikisema mazutu, mjue ndiyo hiyo.

Mama yangu mkubwa, Masika, ndiye aliyenilea. Wakati ule alikuwa akiishi Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Waasi walianza kushuka hadi kwenye mashamba ya kakao, na watu wa kata yake wakawa wanaondoka kwa pikipiki, watatu watatu, godoro juu.

Yeye pikipiki hakuiweza. Alikuwa amevunjika mguu shambani, umefungwa kwa mbao, umenyooka, haukunjiki.

Baba mdogo akanipa pickup yake ya kubebea kakao.

"Muhindo, umulete. Ata kama banakuambia nini njiani, umulete leo."

Barabara ile siku hizo ilikuwa ya msafara tu. Asubuhi magari yanakusanyika Beni, wanajeshi wanakaa mbele na nyuma, mnakwenda. Mchana yanakusanyika tena kwenye njia panda ya barabara kubwa na kurudi Beni. Ukiachwa, unalala huko. Na kulala huko siku zile ni jambo ambalo sitaki kuliandika zaidi.

Tangu tulipotoka Beni gari ilikuwa nzito. Kwenye kupanda inakata pumzi, ukikanyaga inazidi kulegea. Nilijua ni filta. Mazutu yetu tunanunua kando ya barabara, na bidoni, yaani dumu, inayobeba mazutu leo, jana ilibeba mawese. Filta huku hazizeeki, zinauawa.

Nilikuwa na filta mpya chini ya kiti. Nikajiambia nitaibadilisha nikifika.

Nilifika uani kwa mama mkubwa gari ikitetemeka, ikazima yenyewe mbele ya mlango. Watu walikuwa wananingoja. Si yeye tu, ni majirani pia, akina mama na watoto, na vifurushi vyao. Hata kabla sijashika spana walikuwa wameshapanda nyuma. Mama mkubwa wakamlaza kwenye kiti cha mbele, mguu umetokeza, na kuku wake mapajani.

Kubadilisha filta si kazi kubwa. Unafungua ya zamani kwa kuizungusha, unajaza mpya mazutu, unaifunga kwa mkono. Kisha kuna kipampu kidogo cha mkono pale juu. Unakibonyeza ili kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya kupitishia mazutu. Mwanzo ni laini, baadaye kinakuwa kigumu. Kikiwa kigumu, hewa imeisha, washa.

Changu hakikuwa kigumu.

Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikauma. Laini. Nikasema labda kipampu kimezeeka, nikawasha hivyo hivyo. Starta ikazunguka, ikazunguka, hakuna hata moshi. Nikarudia. Betri ikaanza kuchoka, sauti ikashuka, ikashuka, mwisho ikabaki "tik".

Hapo kila mtu akawa fundi.

"Ni bugi!" mmoja akasema, yaani plagi.

"Mazutu haina bugi, weye."

"Musukume! Gari banasukumaka!"

Kulikuwa na dereva mmoja wa pikipiki, Kasereka, aliyekuja kungoja abiria. Akasimama pembeni na miwani yake ya jua, akatuangalia vizuri.

"Muhindo, ulikuya na gari ao ulikuya na nyumba ya kuku? Mama iko ndani, kuku iko ndani, paka moteur njo haiko."

Yaani kila kitu kipo, ila injini tu ndiyo haipo. Watu wakacheka. Mimi nikaangalia chini.

Mama mkubwa akatoa kichwa dirishani. "Kasereka, funga kinywa, usukume."

Akasukuma kweli. Wote walisukuma. Njia ya pale inateremka mpaka kwenye daraja dogo, halafu ni tambarare. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, gari ikaruka ruka na kusimama. Tukajaribu tena, ikasimama tena. Tukawa tumekwisha kula nusu ya mteremko, na kuirudisha juu hakuna aliyeweza.

Wakati huo pikipiki nyingine ikapita inatoka barabara kubwa. Aliyeiendesha hakusimama, alipiga kelele tu: "Musafara banajipanga! Banajipanga sasa!"

Mkuu, sijui kama umewahi kuona watu wakishuka kwenye gari yako kimya kimya. Hawakunitukana. Walishusha tu vifurushi, kimoja kimoja, wakafunga watoto mgongoni. Waliamua kwenda kwa miguu. Kwa miguu hawangewahi msafara, na nadhani nao walijua.

Mama mkubwa alibaki kwenye kiti. Alikuwa anashikashika mabawa ya kuku.

Kwetu huku mtu hatoki kwa safari bila kuombewa. Mzee wa kanisa, Kambale, ambaye yeye alikuwa amekataa kuhama, akavua kofia akasema, "Tuombe, kiisha muende."

Nitasema ukweli, nilikasirika moyoni. Nilitaka kuendelea na kazi. Lakini watu wote walifumba macho. Kasereka alizima pikipiki yake. Watoto wakanyamaza. Mimi nikainamisha kichwa palepale kwenye injini, na kidole changu kikaendelea kubonyeza kipampu taratibu, kwa aibu, ili nisionekane.

Ndipo nikasikia.

"Fsss."

Nikabonyeza tena. "Fsss." Kila nikibonyeza.

Tangu nianze kazi kulikuwa na kelele za watu juu yangu, nisingeisikia. Na kwa macho nisingeiona, kwa sababu wakati wa kubadilisha nilimwaga mazutu kila mahali, kote kulikuwa kumelowa. Nikapeleka kidole nyuma ya filta, pale inapokutana na kichwa chake. Povu dogo likanigusa.

Mzee aliposema amina, watu wakaanza kutembea. Mimi nilikuwa nimeshashika filta, naifungua.

Filta mpya inakuja na mpira wake wa duara juu. Nilipoitoa, mpira wake ulikuwepo, mzima. Nikapitisha ukucha pale juu, kwenye kichwa. Pakaonekana pa chuma, peusi kwa uchafu, lakini ukucha ukazama kidogo.

Chuma hakizami.

Ulikuwa ni mpira wa filta ya zamani. Ulibaki umegandia pale juu, na uchafu ukaufunika. Kwa hiyo ilikuwa mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, na hewa inapita katikati inavyotaka. Ningebonyeza mpaka kesho.

Nikaubandua kwa bisibisi. Ukatoka kama gamba. Nikafuta pale kwa shati langu, nikapaka mazutu kwenye mpira mpya, nikajaza filta, nikafunga. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikabonyeza. Likatoka povu, povu, kisha mazutu safi bila povu. Nikakaza. Nikabonyeza tena.

Kipampu kikakataa kwenda. Kigumu kama jiwe.

"Mama, iko bien sasa," nikamwambia.

"Batu banasukuma bako wapi?"

Walikuwa wameshavuka daraja, nawaona migongo.

"Uite, Muhindo."

Wakuu, mimi hata kanisani siimbi kwa sauti. Nilisimama katikati ya njia na nikaita, na mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. Nikaita tena.

"Bamama! Murudie! Mara moja tu, itawaka!"

Wakasimama. Mama mmoja mwenye godoro kichwani akageuka mwili mzima, maana kichwa hakigeuki.

"Ulisema ivo na ile ya kwanza!"

"Ile ya kwanza sikusema kitu! Ni nyinyi mulisema!"

Sikupanga kumjibu vile. Ilitoka tu. Yule mama akaanza kucheka, mpaka godoro likatetemeka. Wakarudi. Wengine walikuwa wanarudi mbio.

Mteremko uliobaki ulikuwa mfupi. Nikaweka gia ya pili, nikafungua swichi. Wakasukuma. Nikangoja, nikangoja mwendo uingie, daraja linakuja, nikaachia klachi.

Gari ikaguna. Ikakohoa. Ikakohoa tena, halafu moshi mweusi ukatoka nyuma ukawafunika wote, na injini ikashika.

Nilisikia vigelegele ndani ya moshi, sikumwona aliyepiga hata mmoja.

Sikuthubutu kuondoa mguu kwenye mafuta. Nilipita daraja, nikasimama pale tambarare injini ikilia, wakapanda nyuma na vifurushi vyao. Mama mkubwa alikuwa anapunga mkono dirishani kwa mzee Kambale, anapaza sauti kwa Kinande, "Wasingya! Wasingya!", yaani asante, mpaka tulipokata kona.

Tulipofika njia panda, magari ya mbele yalikuwa yameshaanza kwenda. Ilikuwa imebaki gari ya mwisho ya wanajeshi, na mmoja wao kwenye kizuizi akaninyooshea mkono. Pale sheria ni kuzima injini, wakague mizigo.

"Petit, zima moteur."

"Afande, nikizima haitawaka tena. Betri imekufa."

Akaja dirishani. Akaangalia mguu uliofungwa mbao. Akaangalia kuku, akamnyooshea kidole.

"Na huyu iko na karatasi ya njia?"

Mama mkubwa akajibu kabla yangu: "Afande, yeye iko na miguu mbili mizima. Kamata miye ya kwanza."

Mwanajeshi akacheka, akapiga bodi kwa kiganja. "Likambo te," yaani hakuna shida kwa Kilingala. "Kwenda, kwenda!"

Njiani nilikuwa nasikiliza injini kwenye kila mpando. Haikukata pumzi hata mara moja.

Beni, watu walishuka, kila mmoja kwa ndugu yake. Fundi mmoja akachaji betri. Nikakaa kwenye usukani, nikapindua ufunguo, nikiogopa kama mwanafunzi. Ikawaka palepale, laini kabisa. Nikaiacha iungurume tu, nimeweka mikono kwenye usukani.

"Zima basi," mama mkubwa akasema. "Unamaliza mazutu ya batu."

Leo yuko Butembo na sisi, anatembea kwa fimbo, na analalamikia baridi kila asubuhi. Tunafurahi kumsikia akilalamika.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitoa filta ya zamani, angalia kama mpira wake umetoka nayo. Usiangalie kwa macho tu, pitisha ukucha. Na kipampu kikikataa kuwa kigumu, usimalize betri yako, hewa inaingia mahali. Nyamazisha watu, sikiliza.

Mafundi wa humu, nina swali. Filta hii nayo imeanza kuziba kwa sababu ya mazutu ya bidoni. Nyinyi mnayachuja kwa kitu gani kabla ya kuyamimina kwenye tanki? Kitambaa tumejaribu, kinaacha nyuzi. Mwenye njia nzuri aiandike hapa chini, nitasoma yote, hata kama nitachelewa kujibu.