Gaudiosa Anasafiri na Hakuna Aliyekufa

Ukimwona Gaudiosa ananunua tiketi ya ndege, ujue kuna mtu amefariki. Hivyo ndivyo tulivyozoea sisi Waswahili wa Alby, pembezoni mwa Stockholm, na wala hatukuwa tunamsingizia. Tangu aje Sweden akiwa binti wa mafunzo ya uuguzi, kila safari aliyokwenda ilikuwa ya kuzika. Alikwenda kumzika baba, akaenda kumzika mama. Kaka zake wakaondoka mmoja mmoja, na kila mara alipanda ndege analia, akashuka Bukoba analia, akarudi kazini Stockholm kabla macho hayajapungua uvimbe. Likizo zake zote amewapa marehemu.

Mimi ni jirani yake, Mama Idd, mtu wa Tanga. Yeye tunamwita Mama Hanna, kwa jina la binti yake wa pekee. Tunakaa jengo moja, mimi juu yeye chini, na akikaanga vitunguu harufu inanifikia kabla hajanialika. Nasema mapema kwamba sina subira na mtu anayejinyima mpaka anasahau kuwa anajinyima, na Gaudiosa ndiye huyo. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, zamu za Krismasi anazichukua yeye ili wenye watoto wadogo wapumzike. Ukimmiminia chai anauliza kama imebaki ya mwingine. Nampenda sana, lakini zipo siku natamani nimshike mabega nimtikise.

Alipotimiza miaka sitini, Hanna akamletea zawadi. Hanna amezaliwa hapa. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye humjibu Kiswidi, na wanaelewana bila taabu. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kukaa miezi michache Osaka, Japani. Siku hiyo akaweka simu yake mezani na kutuonyesha tiketi mbili: moja ya mama, nyingine ya yeyote ambaye mama atamchagua.

"Osaka?" Gaudiosa akashtuka. "Nani yuko Osaka?"

"Ingen, mamma," Hanna akajibu. Hakuna mtu.

"Sasa nitakwenda kwa nani?"

Hanna akaanza kueleza kwa Kiswidi chake cha haraka, nami sikukosa hata neno, maana moyoni nilikuwa nimeshaanza kufungasha. Mji ni mkubwa kuliko huu wetu mara nyingi, alisema, lakini mgeni wa mara ya kwanza hapotei. Kila stesheni ina namba na rangi yake, na majina yameandikwa pia kwa herufi tunazozijua. Treni yao kuu ya chini ya ardhi ni ya mstari mwekundu kama hii inayotuleta Alby. Mwanamke anatembea peke yake jioni na moyo wake umetulia. Chakula kizuri kiko kila kona, na si lazima uwe tajiri ndipo ule. Ukisahau mwavuli kwenye treni, yupo mtu atakayekutunzia.

Gaudiosa akanigeukia. "Mama Idd, wewe ungekwenda?"

"Mimi viatu nimeshavaa," nikamwambia.

Akakubali, ila kwa sharti kwamba nisimwambie mtu yeyote. Watu wangesema nini? Mjukuu wa kaka yake yuko shuleni, paa la nyumba ya Bukoba linavuja, halafu yeye anakwenda kutembea Japani? Aliona aibu kama mtu aliyeiba. Nilikasirika, lakini tiketi ilikuwa ya kwake, nikafunga mdomo.

Siri hiyo ndiyo iliyotuponza. Alipoomba likizo ya Novemba, mkuu wake wa kazi, Mswidi mpole, alimtazama kwa huruma akasema, "Jag beklagar," pole sana kwa msiba, kabla hata hajauliza lolote. Gaudiosa akashindwa kumsahihisha. Mtanzania mwenzetu anayefanya kazi humo humo akasikia. Kufika jioni habari ilikuwa kwa Ladislaus, mwenyekiti wa chama chetu, mtu mwenye moyo safi na kidole chepesi. Akafungua kundi jipya la WhatsApp, bila mfiwa kama ilivyo desturi, na bila mimi pia, kwa kuwa tulikuwa hatusemeshani tangu alipolikosoa pilau langu hadharani. Akaandika kwamba dada yetu Gaudiosa amepatwa na msiba, anasafiri karibuni, tukutane kwake Jumamosi mchana.

Jumamosi hiyo nilishuka na sanduku langu la magurudumu ili tupime mizigo pamoja. Mlangoni kwake nikakuta viatu. Vya wakubwa, vya watoto, mabuti ya baridi, vimemwagika mpaka kwenye ngazi. Ndani makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani na mikeka imetandikwa. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga kiunoni, na masufuria yao yalikuwa yameshaliteka jiko. Gaudiosa alikuwa amekalishwa chini katikati yao, mtu amemfunika kitenge kichwani, naye analia. Analia kweli, machozi yanamtiririka! Jirani yetu Mkongo alikuwa akimpapasa mgongo. "Lia tu, mama, lia," alikuwa akimwambia. "Courage, jipe moyo."

Winifrida, mkubwa wetu kwa umri na kiongozi wa sala, akakohoa kidogo, watu wakanyamaza.

"Tumwombee marehemu," akasema. "Mwanangu, jina lake nani?"

Chumba kizima kikamtazama Gaudiosa, na Gaudiosa akanitazama mimi. Nikasema mfiwa anahitaji maji, nikamnyanyua, nikamwingiza jikoni na kuurudisha mlango.

"Unalia nini wewe?"

"Waliingia wote wanalia," akasema. "Ningefanyaje? Nikalia nao."

Sikujua nicheke au nimzabe kofi. Kabla sijaamua, akanishika mkono.

"Sitakwenda, Mama Idd. Mwambie Hanna arudishe tiketi. Nitawaambia ni shangazi, yaishe."

"Shangazi yupi?"

Mashangazi aliokuwa nao alishawazika wote. Na ndugu aliye hai hawezi kumtaja, maana huko ni kumchuria, kumwitia kifo. Akasimama na bilauri yake ya maji bila kuinywa. Nami nilijua kwamba akitoka jikoni mle na uongo, maisha yake yote hatapanda tena ndege ila kufuata jeneza. Nikaanza kumpangia maneno ya kusema. Akanizuia kwa kiganja, akafuta uso kwa kile kitenge, akatoka.

"Jamani, nisameheni," akasema akiwa amesimama. "Hakuna aliyekufa."

Kilio cha mtu fulani pembeni kikakatika katikati. Ladislaus, aliyekuwa ameshatoa bahasha ya rambirambi, akairudisha mfukoni polepole.

"Hanna amenipa tiketi. Nakwenda Japani na Mama Idd. Nakwenda kutembea."

"Kwa nani?" akauliza Winifrida.

"Sina mtu huko."

"Sasa unafuata nini?"

"Dada, nimechoka," Gaudiosa akamjibu, na sauti haikumtetemeka. "Kila nikipanda ndege nakwenda kumtia mtu wangu udongoni. Nataka mara moja tu nishuke kwenye ndege na pasiwe na jeneza linalonisubiri. Ni hilo tu. Kama ni vibaya niambieni, nami nitabaki."

Mimi nilikuwa nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa sweta, tayari kugombana na atakayeanza. Nilitazama nyuso zile na nikaona kwamba kila mtu alikuwa anahesabu safari zake mwenyewe kimyakimya. Winifrida aliuangalia mkeka kwa muda mrefu. Kisha akaegemea bega la jirani, akainuka, akakaza khanga yake.

"Haya, pakueni," akasema. "Chakula kinapoa, na huyu ni mtu wa safari."

Sijawahi kula chakula cha msiba kwa furaha kama siku ile. Watoto walioambiwa wanyamaze wakaachiwa wakimbie. Mkongo akapiga vigelegele. Ladislaus akaja kuniomba radhi kuhusu pilau, nikamsamehe, ingawa si kwa mara moja. Sala tuliyotaka kumsomea marehemu asiyekuwepo tukaigeuza ya kuwaombea wasafiri. Gaudiosa alisindikiza kila mgeni mpaka mlangoni, anashukuru, anashukuru tena, na mara hii alilia vile anavyotaka yeye mwenyewe.

Tuliondoka Stockholm kukiwa na kiza cha saa tisa mchana, tukapitia Helsinki, na tulipotua Osaka jua lilikuwa linawaka. Asubuhi ya kwanza hotelini Gaudiosa akafungua sanduku, akatoa gauni jeusi lililopigwa pasi vizuri. Mkono wake ulikuwa umelipakia kwa mazoea. Akalikunja, akalirudisha chini kabisa, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshavaa koti.

"Leo tunatakiwa wapi?" akaniuliza.

"Hatutakiwi popote, Mama Hanna."

Akalifikiria jibu hilo kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Hakuna makaburini, hakuna kikao cha ukoo, hakuna mgonjwa wa kupelekewa dawa. Tukashuka mjini tukiwa hatuna haja na mtu.

Hanna hakutudanganya. Tulipozubaa mbele ya mashine ya tiketi, mfanyakazi wa stesheni mwenye glavu nyeupe aliacha dirisha lake, akatutembeza mpaka mahali mlango wa behewa utakapofungukia, akainama, akarudi zake. Kwenye ngazi ya umeme watu wa Osaka husimama kulia, kama sisi wa Stockholm. Nakwambia jambo dogo hilo lilitutoa ushamba wote, tukasimama kulia kama wenyeji. Barabarani mashine inakuuzia kahawa ya moto ndani ya kopo. Gaudiosa, Mhaya aliyekulia kwenye kahawa, akaionja akakunja uso. "Si kama yetu," akasema, "lakini imejitahidi." Sokoni nilimlisha viazi vya mviringo, au ndivyo nilivyomwambia, na alipokwisha kuvisifu nikamfichulia kuwa ni madonge ya unga yenye pweza ndani. Alinifukuza mpaka kwenye duka la visu, bibi mzima wa miaka sitini.

Siku nyingine tukapanda treni hadi Minoo, pembezoni mwa mji, kwenye njia ya bonde inayokwenda kwenye maporomoko ya maji. Miti yote imekuwa myekundu, na akina mama wanakaanga yale majani ndani ya unga mtamu na kuyauza. Tukakaa kwenye benchi tunatafuna majani ya mti kama mbuzi, huku tukiyasifia. Ghafla Gaudiosa akaacha kutafuna. Alikuwa analia tena, bila sauti. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kukaa mahali pazuri na pasiwe na mtu ambaye yeye anapaswa kumhurumia.

Bikizee mmoja aliyekuwa amekaa benchi la jirani alimwona. Hakuuliza. Akafungua mkoba wake, akatoa peremende iliyofungwa kwenye karatasi, akaja kumpa kwa mikono miwili. Hanna aliwahi kutuambia kwamba akina mama wa Osaka hutembea na peremende za kuwagawia hata watu wasiowajua, nami nilidhani ni porojo. Gaudiosa akasimama, akapokea kwa mikono miwili, akakunja magoti kama wanavyoshukuru wanawake wa kwao. Bikizee akainama. Gaudiosa akashuka zaidi. Bikizee naye akainama zaidi. Kila mmoja akaona hawezi kumwacha mwenzake chini peke yake, ikawa hakuna wa kuinuka, mpaka nikacheka kwa sauti na wao wakacheka, na yule bikizee akanipa na mimi ya kwangu.

"Asante mama, asante sana," Gaudiosa akamwambia kwa Kiswahili, na sina shaka kwamba alieleweka.

Tulirudi Alby siku ya Jumamosi, na Jumapili baada ya misa Winifrida akaja kumwona msafiri. Nilikuwapo, nafungua boksi la biskuti tulilomletea. Winifrida akavua buti zake, akakaa, akashusha pumzi, akauliza lile swali tunalomwuliza kila anayetoka safari.

"Umewaachaje huko, mwanangu?"

Kwa miaka yote tuliyokaa naye, Gaudiosa alilijibu swali hilo akiwa ameinamisha kichwa: tumempumzisha, tunamshukuru Mungu. Nilimwona anaanza kukiinamisha. Kisha akakiinua.

"Wazima," akasema. "Nimewaacha wote wazima, dada."

Winifrida akaweka kikombe chini na kumshika mikono yote miwili.

"Wote?"

"Wote."