Siku mama alipoingia korongoni kumkagua bintiye

Ni asubuhi, na jua bado halijafika chini. Mjusi amechuchumaa ukingoni mwa kijito, kofia ngumu kichwani, anamwangalia Bosi.

Bosi ni jiwe. Limekaa katikati ya maji, pale kijito kinapoanza kujipenyeza kati ya kuta mbili za mwamba, na waongoza wageni wote wa hapa huliangalia kabla ya kuingia korongoni. Likiwa kavu utosini, kazi inaendelea. Likiwa limelowa, watu wanageuza gari.

"Bosi leo hana neno," anatangaza. Wageni wanacheka, ingawa nyuso zinaonyesha hawana hakika kama hapa ni pa kucheka.

Mmoja hacheki kabisa. Ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kisogoni kwa kamba ya kiatu, anaugeuzageuza mkanda wa usalama na kuukagua mshono kwa mshono. Ni fundi cherehani, na ndiye aliyemzaa Mjusi.

"Uzi mzuri," anasema mwishowe, akiuvaa. "Sasa tuwaone wenyewe."

Jina la Mjusi alipewa na wenzake kwa jinsi anavyoganda ukutani. Mama yake halitaki hata kulisikia. "Mimi nilijifungua mtoto, tena kwa uchungu," analalamika. "Leo anaitwa mjusi, na anaitika!"

Kabla ya kazi hii Mjusi alikuwa akikunja mashuka kwenye nyumba ya wageni. Siku moja aliombwa kubeba mabegi ya watu waliokuwa wakishuka korongo, akaingia nao, na mashuka hakuyarudia tena. Kazi yenyewe ina msimu. Mvua zikianza hakuna mshahara, na siku za jua huondoka nyumbani mapema akimwacha mwanawe kwa bibi yake, kwenye chumba cha cherehani.

Msimu uliopita mwongozaji wa kundi jingine aliteleza akavunjika paja. Habari zilifika kwa fundi cherehani kabla majeruhi hajafika hospitali. Mama akaweka mkasi chini.

"Nilimwambia, simlei mjukuu wangu ili wewe upate nafasi ya kwenda kufa kwenye maji," anasimulia. "Ama aache, ama niingie mwenyewe nikaone. Nikitoka nikasema basi, ni basi."

Mjusi alikubali, maana hana mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Mama akisema basi, kazi imekwisha.

"Wageni siwaogopi," ananong'ona akifunga mkanda wake. "Mama ndiye namwogopa."

Msafara unaanza. Mbele yuko Bonge, mwongozaji mwenzake, mwanaume mpana kiasi kwamba wageni hujiuliza atapitaje. Nyuma yake wanafuata maharusi wapya wawili, mama, na mwandishi wa makala haya, aliyekuja kwa ajili ya kazi na tayari anaijutia.

Ndani, kuta zinasogeleana hadi mtu anaweza kuzigusa zote mbili kwa mikono yake. Mwanga unaingia kutoka juu kama utepe. Maji yanachuruzika kwenye kuvu ya kijani, na ubaridi wake unafika kwenye meno. Ni pazuri mno, hata bwana harusi aliyekuwa akipiga soga tangu asubuhi anaiacha na kuinua kichwa.

Kwenye mwamba mmoja laini watu hukaa na kuserereka hadi dimbwini. Mama anakaa, anasukumwa, anashuka akipiga kelele za furaha ambazo hakuzipanga. Anaibuka, anarekebisha miwani.

"Nimeteleza," anasema kwa ukali.

Kisha wanafika kwenye maporomoko ya kwanza, marefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Hapo kamba hupitishwa kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani, ncha zake zote mbili zikaning'inia hadi chini. Watu wakishamaliza kushuka, huvutwa upande mmoja, kamba yote ikafuata. Ikishavutwa, hakuna kurudi juu. Njia inayobaki ni ya mbele.

Bonge anatangulia, maharusi wanamfuata. Zamu ya mama inafika.

"Egemea nyuma, mama, kama unakaa kwenye kiti."

"Kiti chenyewe kiko wapi?"

"Nimekishika mimi."

Mama anamtazama bintiye kitambo, halafu anaegemea. Anashuka polepole, macho kafumba, na Bonge anampokea chini kwa mikono miwili. Mwandishi anafuata, bila heshima yoyote. Mjusi anashuka wa mwisho, anavuta kamba. Inakuja vizuri, halafu inagoma.

Anavuta tena. Uso unambadilika.

"Fundo," anasema.

Bonge anatoa macho. "Umefunga fundo? Hapa?"

Hapa hawafungi, maana kamba inafika chini na nyingine inabaki. Fundo la mwisho wa kamba hufungwa pale inapokuwa fupi, ili mtu asije akachomoka kwenye ncha yake. Lakini leo aliyekuwa akishuka ni mama yake, na Mjusi alifunga ncha zote mbili kabla ya kuzitupa chini; Bonge, aliyekuwa akiwapokea watu, hakuziangalia. Alipofika chini mafundo yalikuwa mbele yake, ila alikuwa anaangalia kama mama anatetemeka. Sasa moja limepanda hadi juu na kunasa kwenye pete.

Kamba ile ni yake mwenyewe, aliinunua kwa kujinyima msimu mzima. Upande mmoja bado unaning'inia. Angeweza kuupanda. Hata Bonge anauangalia kwa namna hiyo.

Mjusi anatazama maji. Dakika chache zilizopita yalikuwa meupe. Sasa yanapita na vipande vya majani na povu, na rangi yake imegeuka ya chai nyepesi. Huko juu, mbali, kuna mahali mvua imenyesha.

"Tunaiacha," anasema. "Bonge, toa ya akiba. Jamani, tunatembea, hatukimbii."

Wote wanamfuata. Kamba ya akiba ni fupi, lakini inatosha maporomoko ya mwisho, ambayo ni madogo. Mjusi anawashusha mmoja mmoja kwa sauti ileile ya asubuhi. Mama safari hii hafumbi macho.

Wanatoka kwenye jua. Wanapanda ukingoni, wanajitupa juu ya mawe ya moto. Simu ya Bonge, ambayo korongoni haikuwa na mtandao, inaita. Ni dereva aliyebaki na gari kule juu.

"Mko wapi?" anapiga kelele. "Bosi haonekani! Bosi kazama!"

"Tumetoka," anajibu Bonge. "Wote tumetoka."

Muda si mrefu maji ya tope yanafoka kwenye mdomo wa korongo, yamebeba matawi. Bibi harusi anaanza kulia huku akicheka. Mwandishi anagundua kwamba amemshika Bonge mkono na hakumbuki tangu lini. Raha ya kuwa mahali pakavu ni kubwa, na hakuna aliyeona haya kuionyesha.

Mjusi anakwenda kukaa karibu na mama yake. "Lile fundo nililisahau mimi," anasema. "Haya, sema."

Mama anakamua maji kwenye shati lake kwanza.

"Nilijua utaipanda ile kamba," anasema. "Siku zote nilikuwa naogopa hicho, kwamba utakuja kufia kitu chako. Nimekuona unaiacha, tena hukugeuka nyuma." Anamalizia kukamua shati. "Fanya kazi yako. Mtoto yuko kwangu."

Mjusi anajifunika uso kwa viganja. Mabega yanamcheza, na Bonge anageukia upande mwingine kwa adabu.

Mipango yake iko tayari. Maji yakipungua ataifuata kamba yake, na msimu ujao anataka kuwafundisha wanawake wawili anaowafahamu, waliobaki kule kwenye mashuka.

Kwenye gari lililokuja kuwachukua, mama amejifunga blanketi, mkanda wa usalama wa bintiye uko mapajani. Ameona mshono unaohitaji kurudiwa.

"Nikija tena," anasema bila kuinua macho, "nifungie kamba kama unavyowafungia wageni."