Kisanduku Kisicho na Picha

Bwana wa steshenari pale Kibiti hupuliza kibodi kwanza, kisha huchapa kwa vidole viwili, taratibu, kama anayechagua mchele. Nilimwomba anitafutie picha ya Haitham, mwanangu aliyesombwa na mafuriko. Sina nyingine, na gazeti lililoitoa limefunga tovuti yake. Akafungua nakala ya zamani ya ukurasa huo iliyobaki mtandaoni. Jina likaja. Mahali pa picha pakawa na kisanduku kitupu.

“Nakala ilibeba maneno tu, mama. Picha ilikuwa inavutwa kutoka kwenye tovuti ya gazeti lenyewe, nayo imefungwa.”

“Bonyeza tena, kaka.”

Akabonyeza. Nikamwomba tena, akabonyeza tena. Mteja nyuma yangu akaguna, “We bwana, hapo patupu, mnatazama nini?”

Bwana wa steshenari hakugeuka. “Subiri zamu yako. Mama yuko na mwanawe.”