Kigari cha Baba

Ualimu ni ugonjwa, na mimi umeniumiza mahali ambapo hata mume wangu hanihurumii. Nakusanya vigari vya chuma, vile vidogo vinavyoenea kiganjani, vyenye jina la nchi vilikotengenezwa lililochapwa tumboni. Nina miaka hamsini na miwili, nafundisha hesabu, ni mama wa kanisa, na kwenye kabati la kioo, pale wenzangu wanapoweka vyombo vya wageni, mimi nimepanga vigari mia na kitu. Wageni wangu wanakunywa chai kwa vikombe vya kila siku. Wamezoea.

Chanzo ni baba. Alikuwa dereva, mwenye gari refu jeupe la Kifaransa, lile la safu tatu za viti, ambalo nusu ya watu wa rika langu walitapika madirishani mwake. Alilitoa kwetu Usenge, kando ya ziwa, na abiria ndani na mabeseni ya samaki juu ya keria, na lilipofika Kisumu wote walinuka kitu kimoja. Nilipoitwa chuo cha ualimu, akaliuza. Hakuniambia. Nilirudi likizo nikakuta mahali lilipokuwa likilala pameanikwa omena, wale dagaa wa ziwani.

Baadaye presha ya macho ikamchukulia jicho moja, kisha la pili.

Kigari cha kwanza nilikipata soko la Kibuye, Jumapili baada ya ibada, kwenye turubai la mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mitumba: wanasesere wasio na miguu, mipira iliyoishiwa upepo, na chini kabisa vigari. Nilikinunua kwa bei ya maandazi mawili, nikampelekea baba kama mzaha tu. Alipitisha kidole gumba juu ya boneti, akashuka kwenye taa, akazungusha magurudumu, akataja aina ya gari bila kubahatisha. Kisha akanirudishia.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu bado?"

Kuanzia siku hiyo, kila mwisho wa mwezi nilimpelekea kimoja. Alikipima, akakitaja, akakikataa. Yeye alicheka. Mimi sikucheka sana. Gari lake liliuzwa kwa ajili yangu, na nilitaka kumrudishia mkononi kabla hajaondoka duniani, hata kama ni la urefu wa kidole.

Wakati huo mama wa turubai hakuwa na habari na vigari. Alinichotea kwa mkono kama anayepima omena, na akaongeza kimoja cha bure. Mtu mwenye akili angenunua akanyamaza. Mimi, Jumapili moja, nilichuchumaa pale nikamfundisha. Nilimwonyesha jinsi ya kusoma tumbo la kigari, ajue cha zamani na cha juzi. Nikamwambia ambacho hakijachubuka rangi ndicho bora, kilicho kwenye boksi kisifunguliwe. Nikamwambia hata kuna watu Nairobi wanaouziana kwa simu. Alinisikiliza kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Aliuliza swali moja tu: hao watu wa Nairobi wanapatikana vipi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwezi uliofuata vigari vilikuwa vimetoka turubaini na kuhamia kwenye sanduku la kioo lililokuwa la kuuzia sambusa. Bei ikawa ya mkate, ikawa ya kilo mbili za sukari, na kufikia mwaka jana kigari kimoja kiliuzwa kwa bei ya samaki mzima aina ya ngege kutoka ufuko wa Dunga, yule unayemwekea mkwe mezani. Aliniambia marobota ya mitumba yamepanda, ushuru umepanda. Simkatalii, kila kitu kimepanda. Lakini sukari haikupandishwa na mimi.

Mwaka huu, wiki ya kufungua shule, alinipigia simu nije nione kitu. Nilikiona kabla hajafungua sanduku. Cheupe, kirefu, safu tatu za viti, na keria juu. Nikakalia ndoo yake. Alipotaja bei nilidhani ananitania. Ilikuwa nusu ya kinachobaki kwenye mshahara wangu baada ya makato.

"Mwalimu, si ni wewe ulinifundisha kuangalia chini?" alisema kwa upole. "Mimi nimeangalia."

Alinipa mpaka Jumapili, kwa heshima tu, kwa sababu mtu wa Nairobi alikuwa anangoja. Mume wangu alinikumbusha paa la jikoni linalovuja. Nilienda kwenye chama chetu cha mikopo, na kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kueleza sababu ya mkopo. Nimejaza fomu maisha yangu yote, lakini ile niliikalia mpaka karani akafunga dirisha. Jumapili nilifika Kibuye na nusu ya bei, nimeikunja ndani ya Biblia, nikakuta kigari kimeshatumwa. Mama yule hakunificha kitu. Aliniambia kwa furaha kwamba amelipa karo ya binti yake, tena katika shule ninayofundisha mimi. Ningemlaumu kwa lipi? Gari lile limezoea kuuzwa kwa karo.

Niliona aibu kwenda Usenge mikono mitupu, kwa hiyo nikafanya jambo ambalo ningemchapa mwanafunzi kwa kulifanya. Nilichukua kabatini kigari kingine cheupe, cha Kifaransa pia, pua ileile na taa zilezile, ila hiki kilikuwa kifupi na chenye buti nyuma. Nikamkuta baba kitandani, amekonda, mikono imekuwa myepesi. Nikamwekea kiganjani nikasema, "Baba, nimeipata."

Kidole gumba kilipita kwenye taa, kikapanda boneti, kikapita juu ya paa. Paa la gari lake lilinyooka mpaka mlango wa nyuma. Hapa lilikwisha, kidole kikateremka kwenye kioo, kikatua juu ya buti. Kikakaa pale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwombe msamaha.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo yangu. Sasa wacha kununua, nyathina, mwanangu."

Akakiweka chini ya mto. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kubaki na kigari changu hata kimoja. Nilikaa kwenye kiti kando yake, nikashukuru kwamba hawezi kuniona usoni. Miaka yote ile niliyompelekea vigari, baba hakuwahi kukosea gari hata mara moja.